Mitufaha ya Lushoto imegoma kupukutisha majani Morogoro, nifanyeje?

Kijana wa Bustani:
Wakuu, nina mitufaha mitatu. Nazungumzia yale matunda ya madukani, si matufaha yetu ya Pwani. Niliitoa Lushoto mwaka juzi, nikaipanda hapa Morogoro mjini. Mmoja niliambiwa ni wa aina ya Anna, miwili muuzaji mwenyewe hakujua. Kule milimani mwezi wa saba niliona miti mikubwa imebaki vijiti. Yangu haipukutishi ng'o! Inarefuka kama fito za kujengea, majani yako nchani tu, maua sijaona. Nikadhani ina njaa, nikawa naipa yurea kila mwezi. Ndiyo kwanza imezidi kurefuka. Niongeze mbolea au ning'oe nipande mipapai?

Babu Shamba:
Mkuu, weka chini hiyo yurea. Mti huo hauna njaa, umekosa usingizi. Mtufaha unahitaji kupitiwa na saa nyingi za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo macho, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye matawi, yafumuke sawasawa. Aina nyingi za Ulaya zinataka saa 800 hadi 1,000. Anna ya Israel na Dorsett Golden ya Bahamas zinatosheka na 200 au 300, lakini Morogoro mjini hata hizo huzipati. Fito tupu ndiyo dalili yenyewe: macho ya chini bado yamelala. Na naitrojeni ya hiyo yurea ya kila mwezi inauchochea mti ukue tu, usipumzike.

Mama Miche:
Babu kasema kweli, ila mipapai isubiri. Kule Batu, kisiwani Java, Indonesia, hakuna baridi ya kupukutisha majani, na wanalima Rome Beauty, tunda la nchi za baridi hasa. Wakishavuna wananyonyoa majani kwa mikono, mti unachipua na kuchanua. Wanavuna mara mbili kwa mwaka.
Wewe masika yakiisha punguza maji, mbolea usiguse kabisa. Inamisha matawi yalale, uyafunge kwenye vigingi, maana tawi lililosimama nguvu zote zinakwenda nchani. Majani yakishakomaa na kukakamaa, nyonyoa yote, taratibu, usiumize jicho lililo pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Macho yakivimba ndipo umwagilie, uweke samadi iliyooza vizuri na mbolea ya NPK kidogo, mbali na shina.

Mtanga Halisi:
Angalizo: mti uwe na afya. Mimi nilinyonyoa uliokuwa umedhoofu, haukuamka tena.

Babu Shamba:
Kweli. Anza na Anna peke yake. Ile miwili ikiendelea kukusumbua, ibebeshe vikonyo vya Anna, yaani uunganishe vijiti vya Anna juu yake. Halafu tafuta na Dorsett Golden, inachanua wakati mmoja na Anna, zitachavushana.

Kijana wa Bustani:
Shukrani wakuu. Mfuko wa yurea nimeshampa jirani mwenye mahindi. Kunyonyoa majani nitawaachia watoto wakifunga shule mwezi wa sita, ila yule mdogo nitamsimamia mwenyewe, atanyonyoa na macho.