CNC ya zamani ya mezani: nibaki na Mach3, niende LinuxCNC, au niweke Arduino?

Mtoto_wa_Kenya
Jambo wakubwa. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya (hii yetu, si ile ya Nairobi). Nimenunua mashini ndogo ya freza ya CNC (inakata kwa kisu kinachozunguka, ikiongozwa na ordinateri) kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga atelye yake. Kibao cha jina kimefutika kabisa. Meza inatembea kama sentimita 30 kwa 20, ina mota tatu za hatua, sanduku la umeme lenye tundu la printa la pini 25, na ordinateri yenye Windows XP na Mach3, programu ya kuiendesha, isiyo na leseni. Inawaka. Nikibonyeza mshale, meza inasogea. Zaidi ya hapo sijui kitu, mimi ni mtu wa kusoda na msumeno.

Nataka kuchonga vibao vya majina vya shaba ya manjano, baadaye vipuri vidogo vya alumini. Mngekuwa mimi mngeshika njia ipi?

Papa_Turneri
Mdogo wangu, bakia na kinachowaka. Mach3 bila leseni inakubali mistari 500 tu ya G-code (amri zinazoielekeza mashini), na herufi zenye mikunjo zinakula mistari haraka, lakini kwa kujifunza inatosha. Andika programu yako ya kwanza kwa mkono: G21 ili ihesabu milimita, G0 ya kwenda haraka, G1 ya kukata. Chora mraba hewani, kisu kikiwa juu mbali na kitu chochote.

Usijaribu kuihamishia kwenye laptop mpya. Mach3 inaendesha tundu la printa kwenye Windows ya biti 32 tu. Na ule waya wa USB wa kugeuza kuwa tundu la printa ni wa kuchapia karatasi, hautoi mapigo ya umeme ya kusogeza mota kwa wakati wake. Vijana wawili nimeshawaona wakitupa pesa hapo.

Poly_Kampemba
Kwa heshima, Papa, mistari 500 ataimaliza wiki ya kwanza. LinuxCNC ni programu ya bure ya kazi hiyo hiyo, haina kikomo hicho, na inatumia tundu lile lile la pini 25. Iwashe kutoka DVD au flashi bila kugusa XP, halafu endesha jaribio lake la ucheleweshaji (linapima ordinateri inachelewa kiasi gani kutoa mapigo) huku umefungua madirisha mengi na kuyaburuta. Ikibaki chini ya nanosekunde 20,000, furahi. Ikifika 100,000, ordinateri hiyo haifai, tafuta nyingine. Ordinateri za mezani zinashinda laptop hapa, kwa sababu laptop inajibana umeme wakati usiotaka.

Ubaya wake: mafaili ya kupanga pini yatakuumiza kichwa siku mbili tatu.

Mama_Vibao
Mimi nachonga vibao, nimepita Mach3 nikaishia Arduino Uno, saketi ndogo ya bei nafuu, yenye GRBL, programu ya kuendesha mashini inayokaa ndani yake. Sababu ni moja: ordinateri ya zamani ilikufa na kazi ya mteja ndani yake. Arduino ikifa nanunua nyingine, naipakia GRBL, narudisha namba zangu nilizoandika kwenye daftari, naendelea. Sanduku lako la umeme libaki. Mapigo ya mihimili X, Y, Z yanatoka pini 2, 3, 4 za Arduino, mwelekeo pini 5, 6, 7, unayapeleka kwenye tundu la pini 25. Usisahau kuunganisha ardhi.

Kisha kwenye GRBL unaweka $100=320, yaani hatua kwa kila milimita ya X, au namba yoyote itakayotoka kwako.

Mtoto_wa_Kenya
Mama, hiyo 320 inatoka wapi?

Mama_Vibao
Mota ya kawaida inapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kama swichi za sanduku zimegawa kila hatua mara 8, ni 1,600. Skrubu ikisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, 1,600 gawa kwa 5 ni 320. Hesabu hiyo utaihitaji njia yoyote utakayoshika. Pima kwa rula ndefu, si kwa kusogeza milimita moja.

Na umeme. Ukikatika, laptop yenye betri itakudanganya: inaendelea kuhesabu wakati mota zimekufa. Weka swichi za mwisho wa njia kwenye kila mhimili, umeme ukirudi mashini iende kuzigusa na kupata sifuri yake upya. Bila hizo, kibao cha saa mbili ni cha kutupa.

Papa_Turneri
Mnabishana ordinateri, hakuna aliyeuliza kama meza inacheza! Mashini ya zamani, nati zake zimelika. Weka saa ya kupimia (ile ya mshale unaoonyesha sehemu ndogo za milimita) igusane na meza, isogeze kwenda milimita 1, irudishe milimita 1. Saa isiporudi pale pale, tofauti ndiyo ulegevu wako. Duara litatoka na vinundu vinne, pale ambapo X au Y inageuza mwendo, na utailaumu programu bure.

Mach3 na LinuxCNC zinaweza kuufidia kwa hesabu kiasi. GRBL haiwezi. Na hata hizo mbili hazizuii kisu kuvuta meza, kwa hiyo kata kisu kikienda kinyume na mwendo wa meza, usikiache kiuvute. Kwa alumini, kisu cha milimita 6 chenye meno mawili: mizunguko 3,000, mwendo kama milimita 180 kwa dakika, kina nusu milimita, na matone ya mafuta ya taa. Moto mbali.

Poly_Kampemba
Hapo Papa ameniweza.

Mama_Vibao
Shaba ya manjano ni rahisi. Hii nyekundu yetu inanata kwenye kisu, kiwe kipya na kikali. Wateja watakuletea malakiti pia, lile jiwe la kijani lenye shaba: usiikate kavu, vumbi lake ni sumu. Maji, na barakoa.

Mtoto_wa_Kenya
Nimeazima saa ya kupimia. Ulegevu wa X ni milimita 0.08, wa Y ni 0.41. Kwa hiyo Arduino isubiri. Nimewasha LinuxCNC kutoka DVD, jaribio limebaki kwenye 17,000 kwa nusu saa. Nitajifunza hapo, XP inabaki kwenye diski yake.

Nati ya Y nimeipeleka kwa turneri wa Kamalondo anichongee mpya ya bronzi. Amesema Jumatano. Jumatano gani, hakusema.