Mashine za hatua nyingi za kujazia risasi: kwa nini kikagua baruti kinauzwa pembeni?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Miaka sita nimejaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha kutumika, kwa mashine ya hatua moja, inayofanya kazi moja kwa wakati. Inachosha, lakini maganda 50 yakishapangwa kwenye kibao unayamulika tochi na kuona baruti ya kila moja kabla hujaweka kichwa. Nikashawishika kupanda daraja, ninunue ya hatua nyingi. Muuzaji akanihakikishia: kila ukivuta mpini risasi moja inatoka, mamia kwa saa. Habari yake yote ilikuwa kasi.

Hakuniambia kwamba kwa mvuto huohuo ganda hili linatolewa fataki iliyokwisha (kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda), lile linapewa baruti, jingine linakandamiziwa kichwa, na kimoja kikikwama vyote vimekwama. Kwangu zilikuwa chembe za baruti zilizomwagikia chini ya sahani inayozungusha maganda. Sahani ikagoma nusu ya njia, zaidi ya mara moja. Nikarudisha mpini, nikaisukuma kwa kidole, nikaendelea na kazi.

Uwanjani, badala ya mlio nikasikia "puf", na bastola haikujikoki. Namshukuru Mungu nilisita. Kufungua, nakuta kichwa cha risasi kimenasa katikati ya mtutu. Ganda lilipita bila baruti, na fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma hadi pale tu. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu ungeweza kunipasukia mikononi.

Sasa kinachoniudhi hasa. Kipo kifaa, hicho kikagua baruti, kinachokaa kwenye kituo kimoja cha mashine na kupiga kelele baruti ikizidi au ikikosekana. Kinauzwa pembeni, kama pambo! Tena mashine yangu ina vituo vitano. Nikikiweka, kukandamiza kichwa na kubana mdomo wa ganda vyote inabidi vibanane kituo kimoja. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Wazoefu hawakihitaji." Mzoefu gani huyo anayeona ndani ya ganda lililokwisha kuzibwa?

Na kitabu cha maelekezo? Kurasa kwa kurasa za kufunga skrubu, mistari mitatu tu kuhusu sahani kukwama. Hakuna palipoandikwa kwamba ikikwama, ondoa kila ganda lililo juu yake na usibahatishe. Sentensi moja tu hiyo!

Risasi za siku ile zimebaki 212. Mizani hainisaidii, maana nilichanganya maganda ya viwanda tofauti na uzito wake unapishana kiasi cha kuficha baruti iliyokosekana. Kwa hiyo nazivunja moja moja kwa nyundo ya kung'olea vichwa, tangu jana jioni. Kipimo changu cha baruti kwa risasi ya milimita 9 ni greni 5, kama gramu 0.32, na ganda linameza mara mbili yake bila kumwagika. Nimefika ya 71. Ya 58 ilimwaga greni 10.