Roma uende mwezi gani? Mliofika tupeane uzoefu

#1
Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu, hasa mliowahi kufika Roma. Mama yangu ana miaka 68, mwana WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania) toka sijazaliwa, na siku zote anasema akisali tu kwenye kaburi la Mtume Petro roho yake itatulia. Mwaka huu Mungu amenijalia, nimeweka hela ya watu wawili kwa siku nane hivi. Kinachonisumbua ni mwezi. Nikisoma huku na huku naona "hali ya hewa nzuri, watalii wengi" basi imeisha, hakuna anayekuambia mzee mwenye presha na magoti atasimama foleni muda gani, atapumzika wapi, atalala na baridi gani. Likizo naweza kuchukua Aprili, Agosti, au kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Kama ulienda ukateseka, hiyo ndiyo naitaka zaidi.

#2
Mkuu Agosti ifute kabisa. Sisi tulienda Agosti 2023, wiki chache tu baada ya ile Julai ambayo Roma ilipita nyuzi 41, na mimi nimekulia Dar nikajiambia joto gani hilo la kunitisha. Kumbe la kwetu lina upepo wa bahari. La kule linakupiga kutoka juu halafu mawe uliyoyakanyaga yanakurudishia kutoka chini, na pale kwenye magofu ya Foro, uwanja wa kale wa Warumi, karibu na Colosseum (ule uwanja mkubwa wa kale wa michezo) kivuli ni cha kutafuta. Mke wangu miguu ilivimba siku ya pili mpaka viatu havikuingia, tukakaa hotelini mchana mzima, na hoteli yenyewe tuliyoikuta karibu na stesheni ya Termini walituandikia kuna AC, tumefika tunaonyeshwa feni.

Kilichotuokoa ni maji ya bure. Barabarani kuna mabomba mafupi ya chuma wanayaita nasoni, yako kila kona na maji yanatiririka mchana na usiku, ya baridi na yanayonyweka. Kuna mzee mmoja akatuonyesha, unaziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kwenye kitundu kidogo unakunywa bila kikombe. Nenda na chupa yako, usinunue maji.

Halafu tarehe 15, Kupalizwa kwa Bikira Maria, ni sikukuu ya taifa zima na wenyeji wengi wanakuwa wameenda baharini, mtaa tuliokaa kila mlango una karatasi ya kusema tumefunga kwa likizo, hata duka la dawa tulizunguka sana.

Ila nisiwe mchoyo wa neno jema. Tarehe 5 Agosti tulisali kanisa la Santa Maria Maggiore, siku wanayokumbuka theluji iliyosimuliwa kuwa ilianguka kwenye kilima lilipo kanisa hilo katikati ya kiangazi. Wakati wa misa wanamwaga petali nyeupe kutoka darini, zinashuka taratiibu kama vile hazina haraka. Mke wangu alitandaza khanga akazikinga, na mpaka leo ziko ndani ya Biblia yake. Hilo tu ndilo linaloweza kunirudisha Agosti.

#3
Aprili hewa ni safi, na zile ngazi za Piazza di Spagna wanazipanga maua (msikae tu pale kwenye ngazi, toka 2019 ni faini). Ila angalia Pasaka imeangukia wapi. Mimi nilienda Juma Kuu, nilisimama uwanja wa Mtakatifu Petro toka alfajiri, umati hata mkono huwezi kuinua, Baba Mtakatifu nikamwona mdogo kama kidole. Nililia kwa furaha siwezi kukataa, lakini mama yangu mimi nisingemsimamisha pale. Bei ya vyumba wiki hiyo nayo usiseme.

#4
Nawasalimu kutoka Nakuru. Mimi nilienda mwezi wa kumi na moja kwa sababu ya bei, na kweli chumba nilipata rahisi. Lakini huo mwezi mvua ni nyingi, na zile barabara za katikati zimejengwa kwa vijiwe vyeusi vya mraba, sampietrini, vikilowa vinateleza kama sabuni. Niliona mama wa makamo akianguka mbele yangu, mkono ukavunjika, na tangu hapo nilitembea nikiangalia chini tu, sikuona majengo.

Kitu kingine ambacho sikuwa nimeambiwa ni ndege. Majira ya baridi kuna ndege wadogo weusi jamii ya kwezi wanakuja kulala mjini kwa maelfu, jioni wanacheza angani kama moshi unaopinda, unaweza kusimama nusu saa ukiangalia. Halafu wanatua kwenye miti ya kando ya mto Tiber na pale Termini, na chini yake unahitaji mwavuli hata kama hakuna mvua, lami yote imekuwa nyeupe na inateleza. Mzee asipite hapo jioni.

#5
Mimi naishi hapa Roma mwaka wa nne sasa, nasoma. Mleta mada, mlete mama Oktoba, tena wiki mbili za kwanza. Wenyeji wana jina lake kabisa, ottobrata, zile siku za jua laini baada ya kiangazi, mchana nyuzi 22 au 23, jioni sweta moja. Mvua inaweza kupiga siku moja mbili lakini si kama Novemba. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ikifika Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma na giza linaingia saa kumi na moja, mtu mzima anajikuta siku imemkimbia. Tena ni mwezi wa Rozari, mama atafurahi.

Sasa haya yazingatie. Moja, majengo mengi ya hapa hita haziwashwi kabla ya tarehe 1 Novemba, ni sheria, kwa hiyo usiku wa Oktoba chumba kinaweza kuwa na ubaridi, omba blanketi la ziada mapema. Jumatano ndiyo siku ya katekesi, yaani mafundisho ya Baba Mtakatifu kwa watu wote, tiketi ni bure kabisa, akitokea mtu wa kukuuzia mkatae, na Julai huwa inasimama, ndiyo maana nasema waliokuja Julai wengi walirudi hawajamwona. Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseum ni bure lakini kwa foleni ile mimi na mama yangu ningelipa siku nyingine. Mama awe na khanga kwenye mkoba maana mabega na magoti wazi hawakuingizi kanisani.

Na viza, jamani, hesabu kurudi nyuma. Wanapokea maombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya afya isipungue euro 30,000. Ukisubiri Agosti kuomba ya Oktoba miadi inaweza isipatikane kabisa.

#6
Desemba nayo isidharauliwe. Tarehe 8, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, zimamoto wanapanda ngazi wanaweka shada kwenye sanamu ya Bikira Maria pale Piazza di Spagna, mchana Baba Mtakatifu anakuja kusali. Baridi tu na kiza, saa kumi na dakika arobaini jua limeshazama. Kwa magoti ya mama naungana na wa Oktoba.

#7
Nimesoma yote, tena nimemsomea mama kwa simu. Ya petali nyeupe amenyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akasema turudie ile ya Jumatano. Basi ni Oktoba, tunatua tarehe za mwanzo, nyaraka naanza wiki hii. Ameniagiza niwaulize kitu kimoja. Akivaa sare yake ya WAWATA siku ya katekesi, haitaonekana kama anajitafutia sifa?

#8
Avae bila wasiwasi. Mwezi uliopita tu walikuwepo akina mama wa vitenge mstari mzima mbele yangu, sikujua wametoka nchi gani mpaka walipoanza kuimba Kiswahili. Viatu viwe flati na soli ya mpira.