Ziara za mizuka Edinburgh: mnauziwa "enzi za Victoria" ambazo hazina Victoria ndani yake

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaificha. Mambo ya kutisha ya Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, yamo kwenye kumbukumbu za mahakama, ripoti za madaktari na makaburi ambayo unayaona kwa macho. Hayahitaji kutiwa chumvi. Lakini kila jioni pale High Street, barabara kuu ya mji mkongwe, watu wanatoa hela za ziara za mizuka na kulishwa uongo gizani, na mgeni aliyekuja kwa wikiendi moja anarudi Dar, Nairobi au London akiusimulia kama historia.

Tuanze na tangazo la ziara hizo, lile la "Edinburgh ya Victoria chini ya ardhi". Malkia Victoria alianza kutawala 1837. Vyumba mnavyopelekwa viko ndani ya daraja la South Bridge, lililojengwa 1785 hadi 1788, wakati wa Mfalme George wa Tatu. Lina matao 19. Ukipita juu yake hujui kama uko darajani, kwa sababu majengo yamelibana pande zote na ni tao moja tu linaloonekana, lile la juu ya Cowgate, barabara inayopita chini ya daraja. Mle ndani palikuwa na maghala, karakana na vilabu vya pombe. Biashara hizo hazikudumu, na sababu yake ni ya kifundi kabisa: sehemu ya juu ya daraja haikuzibwa ipasavyo, basi mvua ikinyesha maji yanapenya kwenye mawe na kudondoka ndani. Wenye biashara wakahama, mafukara wakaingia, mwishowe vyumba vikajazwa kifusi hadi vilipofukuliwa tena miaka ya 1980 na 1990.

Maji hayo hayo ndiyo yanayowaletea ule ubaridi ambao mwongozaji anawaambia ni mzuka umepita. Jiwe limelowa, hewa haizunguki, mwanga ni wa mshumaa, na umetoka kusimuliwa habari za mtoto aliyefia humo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Richard Wiseman alipeleka mle zaidi ya watu 200 wa kujitolea, bila kuwaambia chumba kipi kina sifa mbaya. Vyumba vyenye sifa ya mizuka ndivyo vilivyotolewa taarifa nyingi zaidi za mambo ya ajabu, na tofauti ziliendana na mambo kama ukubwa wa chumba na mwanga. Hiyo ni habari tamu kuliko mayowe ya mwigizaji aliyejificha nyuma ya nguzo, lakini ni nadra kuisikia.

Halafu Burke na Hare, wauaji wawili waliouza maiti kwa ajili ya masomo ya udaktari. Eti walikuwa wakiwinda watu kwenye vyumba hivyo. Ushahidi hakuna. Walikaa Tanner's Close, mtaa wa West Port, upande wa pili wa Grassmarket. Na hawakufukua kaburi hata moja! Maiti ya kwanza ilikuwa ya mpangaji mzee aliyekufa kwa ugonjwa akiwa anadaiwa pauni 4. Wakaipeleka kwa Dakta Robert Knox, mwalimu wa anatomia aliyenunua maiti za kufundishia, wakalipwa pauni 7 na shilingi 10. Walipoona biashara inalipa, wakaua watu 16 ndani ya mwaka mmoja hivi, 1828. Burke alinyongwa Lawnmarket tarehe 28 Januari 1829, na mifupa yake hadi leo iko kwenye makumbusho ya anatomia ya chuo kikuu. Victoria alikuwa bado mtoto wa miaka tisa.

Wale wanaosema vizimba vya chuma vya makaburi ya Greyfriars viliwekwa kuzuia wafu wasitoke, huo ni udhalimu kwa wazazi na wajane waliovigharamia. Viliwekwa kuzuia wezi wa maiti wasiingie. Mwili ukishaanza kuoza ulikuwa hauuziki tena kwa shule za udaktari, kwa hiyo ilitosha kulilinda kaburi wiki kadhaa tu. Sheria ya Anatomia ya 1832, iliyozipa shule njia halali ya kupata maiti, ndiyo iliyoua biashara ile.

Mary King's Close, kichochoro cha zamani kilicho chini ya majengo, nacho: hakuna aliyejengewa ukuta akiwa hai wakati wa tauni ya 1645. Waliougua walizuiliwa majumbani au walihamishiwa vibanda nje ya mji, na walipelekewa chakula. Kichochoro kilifunikwa baada ya zaidi ya miaka 100, ujenzi wa jengo la biashara la Royal Exchange ulipoanza 1753 na ghorofa za chini za nyumba zile zikageuzwa msingi wake.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kisa chenyewe cha enzi za Victoria kipo palepale barabarani, na makundi yanapita bila kusimama. Usiku wa 24 Novemba 1861 nyumba ya ghorofa nyingi pale Paisley Close, High Street, iliporomoka yote. Watu 35 walikufa. Waokoaji wakiwa wamekata tamaa, kijana alisikika chini ya kifusi akiwahimiza waendelee kuvuta, yeye hajafa bado. Uso wake umechongwa juu ya mlango wa kichochoro, pamoja na maneno yake. Kutazama ni bure. Baada ya msiba ule, 1862 mji ulimteua Henry Littlejohn kuwa daktari wake wa kwanza wa afya ya umma. Ripoti yake ya 1865 ilichambua msongamano, maji na vifo mtaa kwa mtaa, ikafuata sheria ya 1867 ya kubomoa nyumba mbovu na kupanua mitaa. Chambers Street, ambako watu wanapanga foleni ya makumbusho ya taifa, imetokana na sheria hiyo. Mtu anawezaje kutangaza "Victoria" na kuruka haya yote?

Kabla hujalipa, uliza hivi. Vyumba ni vya upande wa Blair Street au wa Niddry Street, mitaa miwili ya pande za daraja la South Bridge? Dakika ngapi tutakuwa chini ya ardhi hasa? Nyingi zinatangaza saa nzima na zaidi, kumbe sehemu kubwa ni kusimama juu barabarani. Kundi ni la watu wangapi? Wakizidi 20 kwenye chumba cha mawe, mwangwi unameza maneno na wa nyuma hasikii kitu. Kuna waigizaji wa kushtua? Kama una mzee au mtoto, uliza ngazi: kutoka High Street hadi Cowgate ni mteremko mkali, na chini sakafu imelowa na haiko sawa. Vaa kiatu chenye soli inayoshika, na koti hata Julai.

Na msimu. Juni jua linazama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo ziara ya makaburini ya saa 1 jioni utaifanya kweupe. Desemba jua limezama kabla ya saa 10 jioni, ziara ya mapema inatosha kabisa. Agosti, wakati wa tamasha, High Street haipitiki.

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu ziara za "bure", mwongozaji anaishi kwa bahashishi, na baadhi ya kampuni humkata fedha kwa kila kichwa alichokuja nacho. Kampuni inafaidi vichwa vikiongezeka, ndiyo maana makundi yanavimba. Mpeni chake, hasira yangu ni kwa wanaoandika matangazo.

Mnaojua ziara inayosimama Paisley Close, wekeni hapa njia yake, idadi ya watu na dakika za kukaa chini ya ardhi. Picha za mizuka msiweke.