Ndege ndogo ya starehe Mwanza: Cessna ya zamani, ndege nyepesi ya Rotax au kukodi nje? Na nini kinaua urukaji huu?

KirumbaJuu

Wakuu, habari za jioni. Tuko watano hapa Mwanza, wawili wana leseni ya urubani binafsi na watatu wanataka kuanza mafunzo. Tunataka kuruka kwa starehe tu: kuzunguka ziwa, kwenda Musoma na kurudi, siku moja moja Bukoba. Hakuna biashara ndani yake. Mezani kuna njia tatu.

A. Kununua kwa pamoja Cessna 172 (ndege ya viti vinne) ya miaka ya 1970, injini Lycoming O-320 ya nguvu farasi 160, inayokunywa Avgas 100LL, yaani petroli maalumu ya ndege.

B. Ndege nyepesi ya viti viwili, uzito wa juu kilo 600, injini Rotax 912 ULS ya nguvu farasi 100, inayokubali petroli ya kawaida.

C. Kutonunua chochote. Anayetaka kuruka anakwenda kukodi, iwe uwanja wa Kajjansi upande wa Uganda au uwanja wa Wilson kule Nairobi.

Naomba tulinganishe, lakini pia tujibu hili: kwa nini urukaji wa kujifurahisha unapungua karibu kila mahali? Kama kuna kitu kinaumaliza, tuchague njia inayokikwepa.

HesabuZaHanga

Mkuu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua hayo mengine.

Tazama Marekani, ambako ndege hizi zilitengenezwa kwa wingi. Mwaka 1978 viwanda vya huko vilitoa ndege ndogo 17,811. Mwaka 1994 zilikuwa 928. Marubani wa leseni binafsi walizidi 350,000 mwaka 1980. Kufikia 2016 walibaki kama 162,000.

Maelezo unayosikia sana ni kesi za mahakamani: kiwanda kinadaiwa fidia kwa ndege iliyouzwa miaka 30 nyuma, gharama ya bima inapandishwa kwenye bei ya ndege mpya. Ni kweli, na Cessna ilisimamisha ndege zake za pistoni za injini moja mwaka 1986. Lakini mwaka 1994 ilipita sheria ya kuweka ukomo wa miaka 18 kwa madai hayo, uzalishaji ukaanza tena, na soko halikurudi lilikokuwa. Kwa hiyo mahakama peke yake haitoshi kueleza. Kuna kizazi cha askari wa Vita vya Pili ambacho serikali yao iliwalipia mafunzo ya urubani, na kizazi hicho kimezeeka. Kuna bei: 172 ilipotoka 1956 ilikuwa chini ya dola 10,000, ambazo kwa thamani ya leo hazifiki dola 120,000. Mpya sasa inapita dola 400,000. Kuna muda pia. Kiwango cha kimataifa cha leseni binafsi ni saa 40 za kuruka, ila wengi hufikisha 60 na zaidi kabla ya kufaulu.

Juu ya hayo yote kuna gharama za kudumu, na hapa ndipo klabu hufia. Chukua mfano wa hesabu: hanga (banda la ndege), bima, ukaguzi wa mwaka na ada, jumla shilingi milioni 24 kwa mwaka. Ndege ikiruka saa 150, kila saa inabeba 160,000 kabla ya mafuta. Ikiruka saa 30, kila saa inabeba 800,000. Mwenye ndege anashtuka, anapunguza hadi saa 20, sasa ni milioni 1.2 kwa saa. Mwaka unaofuata anauza, na wenzake waliokuwa wanagawana naye hanga wanabaki na mzigo mkubwa zaidi.

Kwa hiyo usiulize ndege ipi ni nafuu kununua. Uliza ipi itaruka saa nyingi.

FundiMagneto

Nakazia. Na ndege isiyoruka haili bima tu, inaoza.

Kwenye Lycoming O-320 kamshafti, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krenkshafti, mhimili unaozungusha propela. Injini ikizimwa oili inashuka chini, na baada ya siku kadhaa kamshafti imebaki na utando mwembamba tu. Hewa yetu ya ziwa ina unyevu mwingi, inaingia kupitia bomba la kupumulia, usiku inaacha matone kwenye chuma. Kutu ndogo inaanza kwenye nundu za kamshafti na nyuso za tapeti, vipande vinavyosukumwa na nundu hizo. Siku ukiwasha, kutu inasagwa, ile ngozi ngumu ya chuma inatoboka, na kuanzia hapo kila mzunguko unakula zaidi. Mwishowe vali hazifunguki sawasawa na ndege inapanda kivivu bila wewe kujua sababu. Kubadilisha kamshafti hiyo ni kupasua krenkesi nzima, yaani gamba la injini, na hiyo ni gharama ya ovaholi: kufungua injini yote na kuitengeneza upya.

Kinga yake ni kuruka. Angalau saa moja kila wiki au mbili, oili ifike nyuzi 80 za sentigredi na ikae hapo, maji yageuke mvuke yatoke. Kuwasha chini dakika kumi na kuzima ni vibaya kuliko kuiacha, maana mwako wenyewe unazalisha maji na oili haijapata joto la kuyafukuza.

Oili na filta badilisha kila saa 50 au miezi 4, chochote kitakachotangulia. Filta ikate kwa kikatio chake cha kuzungusha, kamwe usitumie msumeno: msumeno unamwaga vumbi la chuma ndani na utadhani injini imeanza kujila. Kunjua karatasi yake yote, isuuze, pitisha sumaku. Kama ndege itakaa zaidi ya mwezi, weka oili ya kuhifadhia, fungua plagi za juu uweke plagi za kukaushia zenye chembe za bluu, na uzibe bomba la kupumulia na ekzosi. Chembe zikigeuka waridi zimeshiba maji, badilisha. Funga utambaa mwekundu kwenye propela kuonyesha injini haipaswi kuwashwa.

Mkienda kukagua hiyo 172 msidanganywe na saa. Lycoming wanapendekeza ovaholi kwa saa 2,000 au miaka 12. Injini yenye saa 600 tu tangu ovaholi ya miaka 20 iliyopita inanitisha kuliko yenye saa 1,500 iliyoruka kila wiki.

Nyakato95

Mimi ni B, na sababu yangu ni pampu ya mafuta.

Uwanja wa Mwanza unahudumia ndege za abiria, kwa hiyo Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ipo. Avgas ni hadithi nyingine: wanunuzi wachache, inasafirishwa kwa mapipa, na ukipiga hesabu ya usafiri bei haina uhusiano na ile ya pampu ya mjini. Hii ni moja ya sababu za kudorora ambazo huku kwetu zinauma kuliko huko zilikoanzia. Tena Avgas 100LL ina madini ya risasi (lead), hadi gramu 0.56 kwa lita, na nchi za Magharibi zinategemea kiwanda kimoja cha Uingereza kwa kiambato hicho. Ulaya na Marekani zote zinataka kuachana nacho.

Rotax 912 ULS inataka petroli ya RON 95 (okteni 95) na inatumia lita 18 hadi 20 kwa saa ya safari ya kawaida. 172 itakunywa 30 hadi 35. Ukilazimika kuitilia Rotax Avgas itakwenda, ila risasi inaganda kwenye giaboksi na plagi, hivyo unapunguza muda wa kubadilisha oili kutoka saa 100 hadi 50 au chini ya hapo.

Petroli ya mjini ina masharti yake. Pima kwanza kama imechanganywa na pombe (ethanoli): mimina maji kwenye chupa nyembamba ya kioo, weka alama, jaza petroli, tikisa, iache itulie. Kiasi cha maji kikionekana kimeongezeka, kuna pombe ndani. Rotax inavumilia hadi asilimia 10. Usiweke akiba ya miezi, petroli inapoteza sehemu yake nyepesi na kuacha gundi kwenye kabureta. Kuhamisha, tumia dumu la chuma na waya wa kuunganisha dumu, faneli na ndege. Dumu la plastiki linajenga cheche. Baada ya kujaza subiri maji yashuke, kisha toa sampuli kwenye kila bomba la chini ya tangi.

Na msisahau oili yake inapimwa tofauti. Ina tangi la pembeni. Hakikisha swichi zote za moto zimezimwa, zungusha propela kwa mkono kufuata mwelekeo wake wa kawaida mpaka usikie tangi linabubujika, ndipo uchomoe kijiti. Usizungushe kinyume hata kidogo, hewa inaingia kwenye njia za oili.

FundiMagneto

Nyakato95 yuko sahihi, ila B isisifiwe kana kwamba haihitaji matengenezo. Mipira yote ya mafuta, maji na oili hubadilishwa kila miaka 5 hata kama haijatumika. Kabureta ziko mbili na lazima zisawazishwe kwa geji. Zikitofautiana injini inatetemeka kwenye mizunguko ya chini na giaboksi ndiyo inaumia. Maboya ya kabureta hunyonya petroli yakawa mazito, mafuta yakafurika. Yapimwe.

Halafu uzito. Kilo 600 toa ndege tupu 350, toa watu wawili wa kilo 85, toa lita 90 za petroli ambazo ni kama kilo 65. Umebaki na kilo 15. Hapo begi la mmoja ndilo linaingia.

UpepoWaZiwa

Nyote mmezungumzia hanga. Ngoja niitoe ndege nje.

Uwanja wetu uko takriban futi 3,760 juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida kwa kimo hicho lingekuwa nyuzi 7.5. Mchana wa nyuzi 30 umezidi kwa 22.5, zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi upate 2,700, jumlisha na ile 3,760. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo ndege inajiona iko karibu futi 6,500. Kwa hewa hiyo injini isiyo na turbo inabaki na kama asilimia 80 ya nguvu yake, kwa hiyo O-320 yenu ya 160 ni ya 130. Kwenye 172 punguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya kuruka, mpaka mizunguko ifike juu kabisa kwa fulu pawa. Ukiacha mkono wa mafuta umesukumwa mwisho unatupa nguvu nyingine. Watu wanne na matangi yaliyojaa saa nane mchana, hapana. Njia ya kurukia ni ndefu, kinachokosekana ni uwezo wa kupanda baada yake.

Maji ndiyo hatari ya pili. 172 injini ikifa husafiri kama mita 9 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka. Ukiwa futi 5,000 juu ya ziwa, yaani karibu 8,700 kwenye kipimo chako cha mwinuko, una kilomita 14 tu. Mwanza kwenda Bukoba moja kwa moja ni kama kilomita 170, sehemu kubwa maji matupu. Ukipita Kome, Maisome, Rubondo, kisha ukafuata ufuko wa magharibi, unaongeza kama kilomita 60. Hiyo ni dakika chini ya ishirini kwa 172. Zilipeni. Rubondo ni hifadhi ya taifa, msiishushie ndege chini. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kuwasha, lijazwe hewa baada ya kutoka nje. Ukilijaza ndani linakubana darini. Milango ifunguliwe kabla ya kugusa maji, kwa kuwa magurudumu yasiyokunjwa yanaweza kuipindua ndege.

Hali ya hewa: usiku nchi kavu inapoa, upepo unaelekea ziwani, radi zinajengeka juu ya maji, na asubuhi mabaki yake yanaweza kuwa bado yapo mlangoni kwenu. Alasiri zinahamia nchi kavu. Na penye mwalo wa dagaa pana mwewe na korongo, kwa hiyo piteni kwa kimo kikubwa.

Kuhusu C, leseni yako lazima itambuliwe na mamlaka ya nchi ile kabla ya kukodi, halafu kuna nauli na malazi. Utaruka mara chache kwa mwaka, na rubani wa mara chache ndiye anayesahau. Kwa mafunzo ya wale watatu C inafaa. Kwa maisha ya kuruka, haifai.

HangaNdogo

Mbona hamjataja dizeli? Kuna Continental CD-155, inafungwa kwenye 172 kwa cheti cha marekebisho, inatumia Jet A-1 ambayo Mwanza ipo, ina turbo kwa hiyo kimo chetu hakiisumbui sana, na inakula kama lita 20 kwa saa.

Niongeze sababu moja ya kudorora ambayo haijaguswa. Huku Afrika Mashariki ndege ndogo zilikuwa usafiri kwanza, starehe baadaye. Klabu ya Nairobi ilianzishwa 1927, na mwaka 1931 Imperial Airways ilikuwa inaunganisha London na Mwanza yenyewe. Barabara zilipokuja hitaji likapungua. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari ya Geita haingoji tena kivuko, na ni vizuri kabisa kwa wananchi, ila mwenye ndege amepoteza kisingizio kimoja zaidi cha kuiwasha.

HesabuZaHanga

Hoja ya barabara naikubali yote. Dizeli kiufundi ni nzuri, lakini CD-155 haifanyiwi ovaholi: ikifika saa 2,100 inang'olewa na kuwekwa mpya. Ni kwa shule inayoruka saa 600 kwa mwaka. Watu watano hawataifikia, watalipia mtaji uliolala.

KirumbaJuu

Asanteni sana. Tunaelekea B, wanafunzi watatu wakafanye C kwanza. Limebaki moja: tugawaneje gharama bila kugombana?

HesabuZaHanga

Tenganisheni mifuko miwili kwa maandishi. Wa kwanza ni gharama za kudumu: kwa ule mfano wa milioni 24, kila mtu 400,000 kwa mwezi, aruke asiruke. Wa pili ni wa saa: mafuta, oili, na bei ya injini mpya ikigawanywa kwa saa 2,000. Petroli ikiwa shilingi 3,000, lita 20 ni 60,000. Mtu akishalipa ya mwezi, saa ya ziada inaonekana rahisi na ataruka. Mkiweka yote kwenye saa, kila mmoja atangoja mwenzake aruke.

Fedha ya injini ikae akaunti yake, sahihi mbili. Anayejitoa atoe notisi ya miezi 6 na auze hisa yake kwa mtu mliyemkubali nyote, la sivyo wanne wanaobaki ndio watakaombebea ile 400,000.