Naomba ushauri: mvinyo gani uende na bakuli la mtindi, embe na pasheni?

Wadau, habari zenu. Naandaa kifungua kinywa cha watu wanane. Kila bakuli lina gramu 150 za mtindi mzito usio na sukari, nusu embe bivu, nusu ndizi, kijiko cha asali na granola juu. Kwa hapo Moscato d'Asti, mvinyo mweupe wa Italia, inatosha: tamu, povu jepesi, kilevi kama asilimia 5, ikipozwa hadi nyuzi 6 hivi. Brut, yaani mvinyo wa povu usio mtamu, siigusi. Sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita, na mvinyo ukizidiwa utamu na chakula unabaki mkali kama ndimu. Mwekundu wenye ukakasi ndio kabisa. Utamu wa embe na asali unauacha mchungu.

Shida yangu ni pasheni. Nikimwaga rojo la pasheni mbili, uchachu wake ukijumlishwa na wa mtindi unaimeza Moscato. Kinachobaki mdomoni ni maji ya sukari. Nafikiria Riesling Kabinett, mvinyo mweupe mwepesi wa Ujerumani, ile yenye utamu, kwa kuwa ina uchachu wa kushindana. Ila haina povu la kukata mafuta ya mtindi ulimini. Demi-Sec, ya povu kama Brut ila yenye sukari gramu 32 hadi 50 kwa lita, ina povu na utamu, lakini kilevi cha asilimia 12 asubuhi naona kizito.

Mliowahi kuonja Riesling na pasheni, je, inahimili? Au nibaki na Moscato, nipunguze pasheni iwe moja, na kuichanganya na asali kabla ya kumwaga?