Mjadala: Atoe laki na nusu aende redioni, au simu yake inamtosha?

MwanaMlandege: Asalaam alaykum wana baraza. Nina mpwa wangu Wete, Pemba, anapika halua. Mwaka jana kaanza kurusha video TikTok na Instagram. Uso haonyeshi, hataki. Utaona mikono tu, mwiko mrefu kama kafi, sufuria la shaba, na samli inavyopanda juu halua ikiiva. Watu wameipenda ile mikono, oda zinakuja mpaka kutoka Maskati. Sasa redio moja, jina nalihifadhi, imempigia: njoo tukuhoji nusu saa "tukujenge jina". Kashafurahi, kashaazima na mtandio, ndipo anaambiwa atoe laki na nusu ya "gharama za studio". Atoe? Mie naona simu inatosha, redio skuizi anasikiliza nani? Halafu tusifichane, Wapemba kuuza wanajua, jina la mtu mmoja mmoja hawajui kulitengeneza. Duka lina miaka thelathini, ukiuliza la nani, "la Mpemba". Basi.

KomboKonde: Umeanza kwa salamu ukamaliza kwa matusi. Hilo "la Mpemba" ndilo jina lenyewe, bwana! Mtu yuko Mbagala huko, saa nne usiku chumvi imemwishia, anamwambia mtoto kimbia kwa Mpemba. Mtoto haulizi ni wapi. Kampuni gani imefika hapo bila kulipia hata bango moja?

PapasiMstaafu: Kombo, kweli, lakini hilo jina la kabila zima, si lako wewe. Mmoja akipunja mizani mnasemwa wote. Mie yamenikuta. Nimetembeza wageni Mji Mkongwe miaka 12, leseni ya Kamisheni ya Utalii ninayo shingoni, lakini nikisimama Forodhani sote ni mapapasi tu, watembeza wageni wasio na kibali. Nikasema nijitangaze. Video yangu ya milango ya Shangani ikapata watazamaji elfu 40, wote vijana wa Temeke wananiandikia "kaka unaishi peponi". Mgeni hata mmoja! Waliokuja walinisoma TripAdvisor na Google, mtu anashuka botini kashika simu, ananiuliza: wewe ndiye yule wa kofia ya kijani? Kofia. Jina langu hawalijui mpaka leo. Ikabidi ninunue nyengine mbili za rangi ile ile.

KomboKonde: Kabila? Mpemba ni kabila tangu lini? Mtumbatu mwenzako wa Nungwi ungemwita kabila?

PapasiMstaafu: Nungwi kuna Watumbatu na mie si mmoja wao. Nimesema kwa lugha ya kawaida, usinigeuzie.

KomboKonde: Lugha ya kawaida ya nani?

BintFumba: Haya, tushafika. Nyie mnazungumza kama kwamba jambo hili limekuja na TikTok. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka Fumba kwetu, jina lake la kuzaliwa Mtumwa, anauza vyungu vya mama yake. Hilo "Siti" kalipata mjini baada ya kuwa mtu. Mwaka 1938 kachukuliwa Bombay kurikodi santuri, basi sauti ikafika pwani nzima kwa watu wasiomjua uso. Na uso ndio waliomchekea! Akawajibu kwa wimbo. Sasa huyo mtoto wa Wete ana kosa gani kuficha uso?

MzeeWaBaraza: 1928, mwanangu. Siyo 1938. Na alifariki 1950. Mambo ya watu wetu tuyaseme sawa.

Ama redio anasikiliza nani, nasikiliza mie. Anasikiliza mama yako. Matangazo ya vifo yakianza, mtaa mzima unanyamaza, hata kijana wa samaki anaacha kupiga kelele mpaka tusikie maiti ni wa wapi na anazikwa saa ngapi. Tangazo la kitu likija nyuma ya vifo, hilo umelisikia, hutaki unataka. Halua ya vikapu hamsini haiagizwi na mtoto wa TikTok, inaagizwa na bibi mwenye harusi, na bibi huyo redio yake haijazimwa tangu alfajiri. Kwa hivyo redioni aende. Lakini kuhojiwa ukalipa si kuhojiwa, hilo ni tangazo, na tangazo lina bei ya ofisi na lina risiti. Aombe risiti. Wakimpa, alipe. Wakianza kuzunguka, ajue laki na nusu inaingia mfuko wa nani.

Zafarani: Ami, kwa heshima zote, "mtoto wa TikTok" ndiye nani? Mie nina miaka 41, nina watoto wanne, harusi ya mdogo wangu halua nimeagiza kwa simu nikiwa nimejilaza. Na hao mabibi unaowasema, WhatsApp wamo kuliko sisi. Mama mkwe wangu ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba.

MzeeWaBaraza: Dakika saba! Basi hiyo ni redio.

Zafarani: 😂 Hapo sina neno.

BintFumba: Ahsante ami kwa 1928. Lakini suala langu la uso halijajibiwa. Bi Kidude naye, mwimbaji wetu wa taarab, tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, 2005 kaipata akiwa bibi kizee, hakufungua ukurasa wala hakumlipa mtu amhoji.

PapasiMstaafu: Bi Kidude alijionyesha, tusidanganyane. Sigara ile mkononi jukwaani? Hiyo ndiyo kofia ya kijani. Kila mgeni ananiuliza habari ya "yule bibi wa sigara". Wengine hawamjui, wanamtaka Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa hapa 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, kaondoka kijana 1964 baada ya Mapinduzi, jina kalitengenezea Uingereza. Tumekuja kumfungulia makumbusho Shangani 2019. Jina lajengwa kwengine, sisi twauza tiketi.

KomboKonde: Na huyo utasema kabila gani?

PapasiMstaafu: Wallahi wewe mtu.

MwanaMlandege: Jamani, nilikuwa kazini. Sikilizeni hii. Juzi mpwa wangu kapanda boti kuja Unguja, kavaa ninja, macho tu. Ananunua maji, mama mmoja akamshika kidole gumba, ana pete ya fedha ya bibi yake imeingia kibonyeo. "Wewe si wa mwiko?" Akaagiza kilo nne hapo hapo, za kupeleka Maskati. Redio hiyo ndiyo itamfanyia nini zaidi?

Zafarani: Mashaallah! Ile pete naijua, kila video inagonga ukingo wa sufuria, ting. Mie naisikiliza kwa ile ting. Lakini niulize, ile halua ya unga wa muhogo au ya wanga wa dukani? Maana rangi yake imeiva mno.

BintFumba: Ya Wete haiwi ya dukani.

Zafarani: Nimekula Wete ya dukani.

KomboKonde: Umekula wapi? Taja mtaa.

MzeeWaBaraza: Halua nzuri mwiko ukinyanyua hauachi uzi. Mengine yote maneno.

MwanaMlandege: Naona mmeshafika jikoni. Watu wa redio wanataka jibu leo kabla ya magharibi. Laki na nusu, atoe asitoe?

KomboKonde: Kwanza ufute lile neno lako kuhusu Wapemba.

MwanaMlandege: Nisamehe ndugu yangu, nimelifuta. Haya, atoe?

KomboKonde: Atoe nini?